Mgeni Aliyewaketisha Pamoja: Halim El-Dabh na Okestra ya Ethiopia

Tusemapo "muziki wa taifa", aghalabu husema kana kwamba taifa lilizaliwa na muziki wake tayari, kama mtoto azaliwavyo na sauti yake. Historia haikubaliani nasi. Kila kabila lina muziki wake, makasri ya wafalme yalikuwa na wao, makanisa na misikiti ina wake, na mchungaji ana wake huko malishoni. Lakini muziki wa taifa, yaani ule unaopigwa jukwaani mbele ya watu wote na kuitwa wetu sote, hauna budi kutengenezwa. Na palipo na kitu kilichotengenezwa pana mtengenezaji. Katika makala haya tumekusudia kumtazama mtengenezaji mmoja, Halim El-Dabh, mtunzi wa muziki aliyezaliwa Misri akawa raia wa Marekani, ambaye mwaka 1963 aliunda mjini Addis Ababa kundi lililoitwa Okestra ya Ethiopia. Tumemchagua yeye kwa sababu kazi yake inatugusa sisi wa Bujumbura kuliko inavyoonekana kwa mtazamo wa kwanza, na inawagusa walimu wa Kiswahili zaidi hata ya wanamuziki.

Mwaka wenyewe una maana yake. Mwezi wa Mei 1963 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana katika mji huo huo wa Addis Ababa wakaunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Burundi, iliyokuwa imepata uhuru wake tarehe 1 Julai 1962, ilikuwamo miongoni mwa waasisi. Bendera zilikuwa mpya na nyimbo za taifa zilikuwa mpya. Wimbo wetu, Burundi Bwacu, ulitiwa muziki na Marc Barengayabo, na maneno yake yakatungwa na kundi la waandishi waliokuwa pamoja na Jean-Baptiste Ntahokaja. Kenya, mwaka huo huo wa 1963, ilichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto ikaukabidhi kwa kamati ya watu watano, mmoja wao akiwa Mwingereza Graham Hyslop. Ethiopia nayo, ambayo haikupitia utawala wa kikoloni kama sisi, ilikuwa na wimbo wa kifalme uliotungwa na Mwarmenia, Kevork Nalbandian. Huyu ndiye aliyewafundisha vijana yatima arobaini wa Kiarmenia ambao Ras Tafari, baadaye Mfalme Haile Selassie, aliwakuta Yerusalemu mwaka 1924 akawaleta Addis Ababa wawe bendi yake. Kwa hiyo mkono wa mgeni katika muziki wa taifa haukuwa jambo geni. Swali ni mgeni huyo alifanya nini na mkono wake.

Kabla ya kufika Ethiopia, hatuna budi kupita Marekani, maana huko swali hili lilikuwa limekwisha kuulizwa. Kwa muda mrefu Wamarekani walipiga na kutunga muziki wa okestra kwa kufuata Wajerumani. Mwaka 1892 walimwalika Antonín Dvořák, mtunzi kutoka Bohemia, aje kuongoza chuo cha muziki mjini New York. Baada ya kusikiliza nyimbo za watu weusi aliwaambia wenyeji wake kwamba msingi wa muziki wao wa baadaye umo humo, katika nyimbo walizokuwa wakizidharau. Mgeni aliona kile ambacho wenye nyumba hawakutaka kukiona. Kizazi kimoja baadaye akatokea Aaron Copland, mzaliwa wa Brooklyn, ambaye naye ilimpasa kwenda kusoma Paris kwa Nadia Boulanger ndipo arudi kutafuta sauti ya kwao. Katika Billy the Kid (1938), Rodeo (1942) na Appalachian Spring (1944) alitumia nyimbo za wachunga ng'ombe na wimbo wa dhehebu dogo la Washeka, akazipanga kwa nafasi pana na sauti chache, hata leo Mmarekani akisikia mpangilio ule huona mbuga za nchi yake. Wapo wasiopenda jambo hilo, wakisema kwamba Copland, mtoto wa mjini, aliwatungia Wamarekani mashamba ambayo yeye mwenyewe hakuyalima. Sisi twaona kwamba hoja hiyo ni ya kweli na haibatilishi kazi yake.

Miongoni mwa waliofundishwa na Copland alikuwamo Halim El-Dabh.

Alizaliwa Cairo tarehe 4 Machi 1921. Hakusomea muziki kwanza, bali uhandisi wa kilimo, akahitimu mwaka 1945, na kazi hiyo ikampeleka vijijini. Twapenda kuamini kwamba hiyo ilikuwa bahati, kwa kuwa bwana shamba husikia mengi ambayo mwanafunzi wa chuo cha muziki hayasikii. Mwaka 1944, kabla hata hajahitimu, aliazima mashine ya kurekodi sauti juu ya waya kutoka kituo cha redio, akaenda nayo kwenye shughuli ya zar, ambayo ni ngoma ya kupunga pepo wanayoicheza hasa wanawake. Wasomaji wetu wa pwani watatambua mara moja ni ngoma ya namna gani, kwani ndugu zake wa karibu wapo Unguja, Pemba na Lamu. El-Dabh aliichukua rekodi ile akaichezea studioni: akapunguza, akaongeza mwangwi, akaondoa mwanzo wa sauti ukabaki mtetemo wake tu. Huu ulikuwa muziki wa elektroniki, miaka minne kabla ya majaribio ya Pierre Schaeffer ya mwaka 1948 huko Paris, ambayo vitabu vingi huyahesabu kuwa ndiyo ya kwanza. Na zar yenyewe, kwa mujibu wa wataalamu wengi, asili yake ni Ethiopia. Kwa hiyo Ethiopia ilikuwa imemfikia El-Dabh miaka karibu ishirini kabla yeye hajaifikia.

Mwaka 1949 alipiga piano mjini Cairo utungo wake juu ya vita vya Palestina, ukapendwa sana, na kutokana nao akapata nafasi ya kwenda Marekani mwaka 1950. Alifikia New Mexico, akasikiliza ngoma za Wapueblo, wenyeji asilia wa nchi ile. Kisha akasoma kwa Copland na kwa Irving Fine huko Massachusetts. Martha Graham, yule mama wa dansi ambaye Copland alimtungia Appalachian Spring, alimwagiza El-Dabh muziki wa Clytemnestra, tamthilia ya dansi iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1958. Mwaka 1961 akapata uraia wa Marekani. Mwaka 1962, akiwa na jina na kazi New York, akakubali kwenda kufundisha Addis Ababa.

Chuo alichokwenda kilikuwa kipya kwa jina na kizee kwa majengo. Baada ya jaribio la mapinduzi la mwezi wa Desemba 1960, mfalme alitoa kasri lake la Genete Leul liwe makao ya Chuo Kikuu cha Haile Selassie wa Kwanza, kilichofunguliwa mwaka 1961. Ndani ya chuo hicho kukawa na Kituo cha Sanaa, na hapo ndipo okestra ilipozaliwa. Jijini muziki haukukosekana. Kulikuwa na bendi za jeshi la ulinzi wa mfalme na za polisi, zenye tarumbeta na saksafoni. Kulikuwa na ukumbi wa maonyesho wa mfalme. Lakini ala za jadi zilikuwa mahali pengine. Mpiga zeze wa barabarani, azmari, alialikwa kwenye vilabu na harusi, akalipwa, akacheka na watu, na bado akahesabiwa mtu wa daraja la chini. Kwamba mtu huyo aitwe chuo kikuu, akalishwe na kulipwa kama msanii, hilo peke yake lilikuwa tukio.

Hapa inafaa tukae kidogo na ala zenyewe, kwani bila kuzijua hatutaelewa ugumu wa kazi. Masinko ni zeze la uzi mmoja wa singa za farasi, lenye sanduku la pembe nne lililowambwa ngozi. Mpigaji hulikwaruza kwa upinde, na uzi huo mmoja humfuata mwimbaji kama kivuli. Krar ni kinubi kidogo cha nyuzi tano au sita, chombo cha nyimbo za mapenzi na za sifa. Washint ni filimbi ya mwanzi ya wachungaji, kwa kawaida yenye matundu manne. Kwa kuwa kila mwanzi una urefu wake na sauti yake isiyobadilika, mpigaji hodari hutembea na kadhaa. Kebero ni ngoma, ya kanisani na ya sherehe. Embilta ni filimbi ndefu zisizo na matundu ya vidole: kila moja hutoa sauti chache tu, na hupigwa na watu watatu wenye filimbi tatu za ukubwa mbalimbali, kila mmoja akiingiza sauti yake pale mwenzake alipoacha, hata wimbo mmoja ukatoka katika vinywa vitatu na asiwepo mmoja kati yao awezaye kuupiga peke yake. Na iko begena, kinubi kikubwa cha nyuzi kumi, ambacho Waethiopia husema ni kinubi cha Daudi. Hicho hakikuundwa kwa ajili ya kadamnasi. Vipande vidogo vya ngozi hutiwa chini ya nyuzi ili zivume kama nyuki, na mtu hukipiga peke yake, hasa wakati wa Kwaresima, akiimba kwa sauti ya chini maneno ya toba. Wataalamu wa mji walikiheshimu, na wakubwa wengi walikijua.

Ala hizi hazikuwa zimewahi kuketi pamoja. Krar na masinko zilipata kukutana, na ngoma hukutana na chochote, lakini filimbi ya mchungaji wa mlimani na baragumu la kifalme na zeze la azmari havikuwa na sababu ya kuwa chumba kimoja. Wapigaji walitoka makabila na majimbo mbalimbali. Wengi walijifunza kwa sikio na kwa mkono wa mzee fulani. El-Dabh aliwakusanya, hadi wakafika kiasi cha watu 30, akawafanya wapige kitu kimoja.

Tendo hilo husikika jepesi mpaka mtu alifikirie. Muziki wa nyanda za juu za Ethiopia una njia zake za kupanga sauti, zinazoitwa kignit, ambazo nne mashuhuri ni tizita, bati, ambassel na anchihoye. Kila njia ina sauti tano. Azmari akiwa peke yake huanzia popote koo lake linapopenda. Mpiga krar hukaza nyuzi kumfuata mwimbaji. Hakuna aliye juu wala chini, maana hakuna wa kulinganishwa naye. Waweke pamoja watu 30, na papo hapo swali la kwanza si la sanaa bali la utawala: nani amfuate nani? Uzi waweza kukazwa na kulegezwa, lakini mwanzi uliokwisha tobolewa haukazwi. Basi nyuzi hazina budi kuifuata filimbi, na mchungaji, aliyekuwa wa mwisho katika heshima, huwa kipimo cha wote. Na zile embilta zisizoweza kubadili chochote, ama zijengewe utungo wao, ama zinyamaze na kungoja zamu. Kila uamuzi wa namna hii unampa mmoja nafasi na kumnyang'anya mwingine kidogo cha uhuru wake.

Walimu wa Kiswahili wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, Kiunguja kilichukuliwa kuwa kipimo na lahaja nyingine zikatakiwa kukaza au kulegeza nyuzi zao. Kimvita, chenye mashairi ya Muyaka, kilijikuta kikiitwa lahaja. Waliofanya kazi hiyo wengi wao walikuwa wageni, na bado hatujamaliza kubishana kama walitujenga au walitupunguza. (Kwa kupitia tu tukumbushe kwamba Ludwig Krapf, aliyeanza kuandika sarufi na kamusi ya Kiswahili mjini Mombasa kuanzia mwaka 1844, alikuwa amefika huko baada ya kushindwa kuendelea na kazi yake Ethiopia.) Sisi tunaosema Kiswahili Buyenzi na Bwiza, chenye Kirundi na Kifaransa ndani yake, tunajua vizuri maana ya kuambiwa kwamba sauti yetu haijalingana na ya wengine. Tofauti ya El-Dabh na Kamati, kwa maoni yetu, ni moja na ni kubwa. Kamati iliandika kipimo katika kitabu, na wenye lugha wakakipokea. El-Dabh alikitafuta kipimo chumbani, mbele ya wapigaji wenyewe, na kama hakikupigika hakikuwa kipimo.

Tena, hakuwatungia Waethiopia kama Copland alivyowatungia Wamarekani. Alikuwa mtunzi mkubwa wa kutosha, na jaribu lilikuwapo: kuandika utungo mrefu wenye jina la Ethiopia, upigwe na okestra ya violini New York, na krar iingie mara moja kama kiungo cha mchuzi. Njia ya namna ile ilikuwapo hata kwa Waethiopia wenyewe. Ashenafi Kebede, aliyesoma Marekani akawa mkuu wa kwanza wa Shule ya Muziki ya Yared mjini Addis Ababa, alitunga utungo juu ya mchungaji na filimbi yake kwa ala za Ulaya, na ni kazi nzuri. Mulatu Astatke naye, aliyesoma pia Marekani, alizipeleka zile njia za sauti tano kwenye jazi. Hatusemi kwamba hao walikosea. Tunasema kwamba katika okestra ya El-Dabh mpiga washint alipiga washint, na kama jambo halikuwezekana kwa mwanzi wenye matundu manne, halikufanyika.

Halafu akaondoka. Mwaka 1964 mkataba wake uliisha, na hilo huenda likawa ndilo jema lake kubwa kupita yote, ingawa si yeye peke yake aliyelipanga. Baada yake uongozi ulishikwa na Mmarekani mwingine, John Coe, kijana wa kujitolea wa Kikosi cha Amani, hadi mwaka 1966. Mwaka huo ukapita kwa Tesfaye Lemma, Mwethiopia, naye akauongoza hadi mwaka 1975. Kwa hesabu ya miaka, okestra ilikuwa ya Tesfaye Lemma zaidi kuliko ya mtu mwingine yeyote: yeye ndiye aliyetunga nyimbo zake na kuisimamisha mwaka baada ya mwaka. Inatusikitisha kwamba katika maandiko mengi ya Ulaya na Marekani yeye hutajwa baada ya mwanzilishi, kama kwamba kuwasha moto ni kazi na kuukoka usiku kucha si kazi.

Kijana mwingine wa Kikosi cha Amani, Charles Sutton, alikuja Addis Ababa akajifunza masinko mpaka akaweza kuimba kwa Kiamhari huku akilikwaruza. Mwaka 1969 alisaidia kulipeleka kundi Marekani, likasafiri kwa jina la Kundi la Nile ya Buluu, likaonekana hata katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, kilichotazamwa na mamilioni. Mzunguko ulikamilika kwa namna ya ajabu: Mmarekani aliyezaliwa Misri alikuwa amewaketisha Waethiopia pamoja, na sasa Waethiopia walikuwa wakimtazamisha Mmarekani ala ambazo mmoja wa mpigaji wake alikuwa Mmarekani.

Je, kulikuwa na hasara? Ilikuwapo, na hatutaificha. Muziki wa azmari ni wa papo kwa papo: humtazama mteja usoni, humtania, humgeukia jirani yake, huficha maana mbili katika neno moja. Akiwekwa kwenye safu ya watu 30, mbele ya viti vilivyopangwa, hana wa kumtania. Muda wa wimbo huwekwa, na utani unaohitaji dakika ishirini kukomaa hukatwa kwa dakika nne. Na kuna hasara ya aina nyingine, ya siasa. Katika utawala wa kifalme uliowabana watu wengi wa pembezoni, jukwaa lililowaonyesha wote wameketi sawasawa lilikuwa picha ya kupendeza ambayo haikuwapo nje ya mlango. Sanaa imetumiwa hivyo mahali pengi. Hata hivyo hatuoni kwamba kosa ni la wapigaji, na twadhani wengi waliokaa katika safu ile walijifunza kusikilizana zaidi kuliko waheshimiwa waliowapigia makofi.

Sasa turudi nyumbani. Burundi haikupata El-Dabh. Ilipata mashine ya kurekodi. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa nchi hii, na santuri ikatolewa na shirika la Ocora. Ufalme ulikuwa umefutwa mwezi wa Novemba 1966, na ngoma za kifalme, ingoma, ambazo zilikuwa na watunzaji wao wa kurithishana katika vilima kama Gishora karibu na Gitega, zilikuwa zimebaki bila mfalme wa kupigiwa. Karyenda, ngoma takatifu, ilikuwa dola yenyewe; sasa ngoma zilipaswa kutafuta bwana mwingine, nazo zikampata: hadhira. Mwaka 1971 mwanamuziki Mike Steiphenson alichukua sehemu ya ngoma katika santuri ile, akaitia gitaa na kinanda, akaitoa kwa jina la Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alizitumia ngoma zile chini ya wimbo wake mmoja. Kufikia mwaka 1980 vijana wa Uingereza wenye bendi za roki walikuwa wakiujua mdundo wa Burundi ambao wengi wao wasingeweza kuuonyesha Burundi kwenye ramani.

Hapo ndipo tunapoona kwa uwazi alichokifanya El-Dabh. Huko Addis Ababa mgeni aliwatafuta watu, akawaketisha, wakabishana juu ya sauti. Hapa sauti ilichukuliwa, watu wakabaki. Wapigaji wetu baadaye walisafiri wenyewe na kujitetea kwa mikono yao, kama walipopiga katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Uingereza mwaka 1982; na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2017 amri ya rais iliweka masharti juu ya upigaji wake na kuwakataza wanawake kuipiga. Kwa hiyo katika nchi yetu pia muziki wa taifa umekwisha kupata watengenezaji wake: mashine, soko, orodha na amri. Kilichokosekana ni chumba ambamo wapigaji wa ala mbalimbali wanaketi wakatafuta kipimo wao kwa wao.

Na ala za kuketi zipo. Indingidi yetu, zeze la uzi mmoja, ni ndugu wa masinko; mtu wa Gojjam akiisikia hatahitaji mkalimani. Umwironge ni filimbi ya wachungaji kama washint. Umuduri ni upinde wenye kibuyu. Ngoma zenyewe zimekwisha kuwa okestra tangu zamani: amashakwe hushika mdundo usiokatika, ibishikizo humfuata kiongozi, na inkiranya katikati huamuru. Anayedhani kwamba kupanga sauti za watu wengi ni elimu ya Ulaya na apande Gishora asikilize.

Ugumu uko kwa inanga. Inanga ni ubao uliochimbwa kama sinia, wenye uzi mmoja mrefu uliopitishwa mara nane, na mwimbaji wake haimbi bali hunong'ona. Pumzi na uzi hushikana hata msikilizaji asijue ni kipi kilichotamka neno. Ukiweka ngoma moja karibu nayo, haipo tena. Begena ya Ethiopia ina tabia hiyo hiyo, na ndiyo maana tuliikalia hapo juu: ni ala ambayo ukiikuza kwa kipaza sauti umekuza mvumo, hukukuza toba. Muundaji wa okestra ya taifa ana njia mbili tu mbele ya ala kama hizi. Aziache nje, na taifa lisikike kama kwamba halijawahi kunong'ona. Au awanyamazishe watu wote 29 kwa dakika kumi ili mmoja asikike. Njia ya pili hudai ujasiri, kwa sababu waliolipa kiingilio hawakuja kusikia kimya.

Mapinduzi ya Ethiopia ya mwaka 1974 yalimwondoa mfalme, chuo kikabadilishwa jina, na mwaka 1975 uongozi wa Tesfaye Lemma ukafika mwisho. Yeye baadaye alihamia Marekani, akafariki huko mwaka 2013. El-Dabh alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent, Ohio. Wanafunzi wanne walipouawa hapo kwa risasi za askari tarehe 4 Mei 1970, aliwatungia opera, na alifariki katika mji huo tarehe 2 Septemba 2017 akiwa na umri wa miaka 96. Rekodi za okestra zilitolewa upya Ufaransa mwaka 2007, katika mfululizo wa Éthiopiques, juzuu ya 23.

Santuri ya Vuylsteke nayo bado yapatikana. Wengi wanaoinunua huinunua kwa ajili ya ngoma. Lakini ndani yake imo pia inanga ya kunong'ona, ambayo hakuna bendi ya roki iliyoiazima. Na mwalimu atakayeicheza darasani itampasa kwanza afunge madirisha, maana magari ya Bujumbura yanaishinda.